Siku Nilipodhani Ruvuma Umepanda

Leo nikienda shule niliona ukungu umejaa bonde la Ruvuma, nikakumbuka dumu la njano la Mama, la kutekea maji.

Nilikuwa mdogo. Ukungu kama huo nilidhani ni mto umepanda kutufuata huku juu Newala, basi nikamwaga maji ya jana yote yaliyokuwa dumuni ili tuteke mapya. Mchanga uliolowa ulinukia kama mvua imenyesha.

"Maji yako wapi, mwanangu?"

"Si mto unakuja, Mama?"

Alitazama. Jua lilikuwa limeshafukuza ukungu, na mto ulionekana mbali chini, mwembamba kama uzi. Hakunichapa. Alimbeba mdogo wangu mgongoni, akachukua dumu, akateremka tena bondeni kijitoni. Jioni aliporudi, kikombe cha kwanza alinipa mimi. Nikanywa yote.