Maneno Niliyoyafuta Ubaoni

Mtoto wa Garsen akishajua kusema "good morning, teacher", neno la pili la Kiingereza analojifunza ni "stakeholders", yaani wadau. Natia chumvi, lakini si nyingi.

Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya kutwa hapa mjini, na kwetu ni Ngao, kijiji cha papa hapa mtoni, kwa hiyo nina haki ya kukasirika. Mto ukifurika, wageni wanakuja na semina. Mto ukikauka, semina. Wafugaji na wakulima wakigombania njia ya ng'ombe ya kwenda majini, semina ya kutwa nzima, yenye mabango, maji ya chupa na kalamu za bure. Watoto hukaa nyuma ya ukumbi wakingoja soda, na wakati wanangoja, masikio yao yanashiba.

Mimi sikulijua hilo nilipoanzisha mazungumzo ya Ijumaa. Nia yangu ilikuwa njema: msamiati wa kidato cha pili ulikuwa umekonda vibaya. Kila Ijumaa mmoja wao angesimama mbele aeleze kwa Kiingereza jambo la kwao, iwe chakula, kazi, harusi, lolote. Wenzake wangekamata maneno mapya, mimi ningeyaandika ubaoni, na kila mtu angetunga sentensi yake. Sikujua najitafutia presha.

Wa kwanza alikuwa kijana wa kijiji cha Golbanti, mtoto wa wakulima, nadhifu, shati ndani ya suruali. Nilitega sikio nikitarajia mpunga, kambale, maembe. Akakohoa kidogo, akatangaza kwamba jamii yake ni "marginalised", yaani imesukumwa pembeni. Kwamba ni "vulnerable", yaani wanyonge wa kudhurika na kila kitu. Na kwamba inahitaji "resilience", ambayo hakuna aliyeweza kunieleza ni nini, naye mwenyewe akiwemo. Darasa zima likampigia makofi.

"Bibi yako asubuhi anafanya nini?" nikamuuliza.

"Anaenda shamba, Madam. Kufukuza ndege kwa mpunga."

"Anawafukuzaje?"

"Anapiga debe. Saa ingine anarusha udongo na kombeo, na anawatukana."

"Sasa mbona hukutuambia hayo?"

Akanitazama kwa huruma. "Madam, hizo si ni vitu za nyumbani tu."

Ijumaa iliyofuata akasimama mtoto wa wafugaji, na jamii yake nayo ikawa "marginalised". Iliyofuata ikawa zamu ya Mgiriama, hadithi ni ileile. Hawa ni watoto ambao wazazi wao hawakubaliani hata juu ya mahali pa kunywesha mbuzi, lakini Kiingereza chao kilikuwa kimoja, kama sare ya shule. Nilichoka. Nikachukua dasta, nikayafuta yote mbele ya macho yao, nikaweka sheria: neno usiloweza kulishika, kulinusa wala kulitenda kwa mikono yako haliingii kwenye ubao wangu.

"Madam, hiyo ni noma," sauti ikatoka nyuma. Nilijifanya sikusikia.

Aliyenielewa alikuwa msichana mmoja Muorma, mkimya, anayependa sayansi kuliko mtu yeyote pale shuleni na aliyeapa kuwa daktari wa mifugo. Maabara yetu ni kabati moja ambalo ufunguo wake umepotea, sasa hebu fikiria. Mama yake anauza maziwa kando ya stendi ya mabasi, nyuma tu ya ua wa shule. Mama huyo nilimjua kabla ya kumjua binti. Niliwahi kumwona akimkalisha chini kwa maneno dalali wa ng'ombe aliyetaka kumwondoa kwenye kivuli chake, na dalali akaomba msamaha huku makondakta wakicheka. Mimi mwenyewe aliwahi kunigombeza kwa kuonja maziwa kwa kidole.

Ijumaa ya binti ilipofika, alikuja na chombo cha maziwa cha kusuka, kimekolea weusi kwa miaka ya moshi. Akaeleza jinsi mama yake anavyokiosha, anavyochagua mti wa kuchoma, anavyotia makaa ndani, akafunika, akatikisa, akamwaga, ili maziwa yakae bila kuharibika na yapate ile harufu. Alipokwama aliniomba neno, nami nilimpa: "ember" kwa kaa la moto, "smoulder" kwa kufuka moshi, "lid" kwa kifuniko. Kamusi yetu iliyochanika ilifanya kazi siku hiyo. Chombo kikazunguka darasa zima, kila mtu akitia pua ndani, na ubao ukajaa. Nilifurahi mpaka nikasahau kengele.

Kisha wafadhili wakaja. Walitaka mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili wampeleke shule ya bweni yenye maabara ya kweli, na kila mwombaji azungumze kwa Kiingereza kuhusu kwao. Nilimwambia binti aseme vilevile alivyosema Ijumaa.

Alisema vizuri kupita Ijumaa. Mimi nilikuwa nyuma ya chumba, nimekunja mikono kwa majivuno. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akatabasamu na kusema ni jambo la kupendeza sana. "Lakini changamoto ni zipi?" akauliza.

Binti akafikiri kwa makini. "Kifuniko," akajibu. "Kikilegea, moshi unatoka."

Wakacheka, kwa upole kabisa. Akaingia kijana wa Golbanti na "marginalised" yake na "vulnerable" yake, na kalamu za wageni zikaanza kukimbia. Nilijua kabla hajamaliza. Wakamchukua yeye, wakaahidi kurudi mwakani kumtafuta mwingine. Kijana hana kosa, ana akili na alistahili. Hasira yangu haikupata pa kukaa.

Kesho yake nilipita stendi. Mama alikuwa akimimina maziwa, hakuinua kichwa.

"Mwalimu, huyu mtoto yangu alisema vibaya?"

"Hapana, mama. Alisema vizuri kuliko wote."

"Sasa mbona wamechukua ule ingine?"

Nikanunua chupa ya maziwa ambayo sikuihitaji, nikalipa. Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno.

Jumatatu, wenzake walipotoka kwenda mapumziko, binti alibaki na daftari lake.

"Madam, maneno ile ulifuta, naomba uandike tena."

"Ya nini? Yako ni mazuri zaidi."

"Najua. Lakini wageni watarudi."

Nikachukua chaki, nikayaandika yote, moja moja, kwa hati yangu nzuri, na kila moja lilinikera kuliko lililotangulia. Alinakili bila haraka. Kisha, kwa sababu sheria ni yangu mwenyewe kwamba kila neno jipya litungiwe sentensi, akainamia dawati akaandika, akanisogezea daftari nisahihishe.

"My mother is vulnerable."

Niliisoma tena: mama yangu ni mnyonge. Nje, toka upande wa stendi, niliweza kumsikia mama huyo akimfokea dereva wa basi arudishe gari nyuma, na basi likirudi nyuma.

Sentensi haikuwa na kosa. Nikaiwekea tiki.