Kadi Niliyoichomoa kwa Pupa

Zamani kidogo, kabla simu za mkononi hazijafika vijijini, nilikuwa fundi wa redio za mawasiliano za vituo vya afya Unguja. Siku moja niliitwa kusini. Redio ya kituo imekufa, na chumba cha pili mama ana uchungu tangu jana. Mkunga alitaka kuliita gari la wagonjwa kutoka mjini.

Redio zile mpya zilikuwa za kadi, vibao vya umeme vya kuchomeka: ya kupokea, ya kurusha na ya kuongoza. Iliyoharibika unaichomoa, unachomeka nyengine. Kwa pupa nilibadilisha zote tatu. Taa ikawaka, lakini nikiita, mjini kimya.

"Fundi, shikamoo nshakupa," alisema mkunga. "Sasa nipe redio."

"Marahaba, mwanangu. Subiri."

"Mimi nnasubiri. Huyo mtoto je?"

Kule ndani mama alilia. Niliweka bisibisi chini. Nilisoma Bismillahi, nikajilazimisha kufikiri polepole. Masafa ya redio hizi huandikwa kwa kompyuta, yakahifadhiwa katika kadi ya kuongoza. Kadi mpya haikuwa na masafa yetu; kumbe ile ya zamani iliyokuwa nayo ilikuwa nzima, nami nimeitia mfukoni. Nikairudisha, nikaita tena.

"Naam, tunakupata!" mjini wakajibu.

Mkunga alininyang'anya kipaza sauti. Gari likaja, na kwa rehema za Mola mama akajifungua salama hospitali.

Tangu hapo nikawa nachomoa kadi moja, najaribu, ndipo nagusa ya pili, hata anayesubiri akinipigia kelele.