Uyoga Uliokatwa kwa Kisu

Wiki niliyoanza kutundika mifuko ya uyoga, mavyaa wangu alihamisha mafiga yake. Aliyabeba moja moja kutoka jikoni kwetu hadi nyuma ya nyumba, akawasha moto wake huko, na hakusema neno. Mwanawe, mume wangu, alikuwa kazini Mombasa, kwa hiyo nyumbani tulibaki sisi wawili na binti yangu mdogo. Hapa Ngao, wanawake wa boma moja wakiwa na meko mawili, watu hawaulizi tena. Wanajua wamekosana.

"Figa moja haliinjiki chungu, shoga," jirani alinitania tukiteka maji. Nilicheka kwa meno tu. Iliniuma sana, kwa sababu mamangu mzazi alishakufa, na tangu niolewe nilikuwa nakula chungu kimoja na mama huyu. Nilimtaka arudi jikoni, lakini kiburi kilinizuia kumwomba.

Nilijua anauogopa uyoga. Dadake alikufa kwa uyoga wa msituni wakiwa wasichana, na tangu hapo yeye hali ila ule wa kwenye kichuguu, tena auchume kwa mkono wake. Wangu ulitoka kwenye nailoni. Nilijifunza kwa mama mmoja wa Garsen: unakatakata mabua ya mpunga, unayachemsha kwenye pipa, yakipoa unayashindilia mfukoni pamoja na mbegu, kisha unatundika kwenye kibanda chenye giza na unyevu. Kibanda changu kilikuwa cha mbuzi zamani. Majirani walikitazama kwa jicho la pembeni. Wengine walisema napika chang'aa, na mama mmoja wa Minjila aliyekuwa akituletea maziwa aliniuliza kwa upole kama nimefuga jini.

Uyoga ulipochomoza, ukaanza kupungua. Katika mifuko ya nyuma, ile isiyoonekana ukisimama mlangoni, mashada mazima hayakuwapo. Vilibaki visiki, vimekatwa kwa kisu. Sasa, uyoga wa mfukoni haukatwi. Unauzungusha kwa vidole mpaka ung'oke wote, maana kisiki kikibaki huoza, na uozo hula mfuko mzima. Mfuko wa kwanza ukaoza, wa pili ukafuata, kibanda kikanuka kama samaki wa juzi.

Panya hana kisu. Nilimshuku jirani, nikamshuku hata mama wa maziwa, Mungu anisamehe. Lakini mbwa wetu hakubweka hata mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikaanza kumchunguza mavyaa: kisu chake alikiweka wapi, kwa nini anafunika sufuria yake nikipita, kwa nini hanitazami usoni tukiamkiana.

Asubuhi moja nikamwambia naenda Garsen. Nilipanda bodaboda akiniona, nikashuka nyuma ya kona, nikarudi kupitia migombani. Kibandani hapakuwa na mtu, ila kisiki kimoja kilikuwa kibichi, bado kinatoa maji. Nikaenda moja kwa moja kwenye moto wake.

Alikuwa ameketi na sufuria mapajani, anakula uyoga uliochemshwa kwa chumvi tu.

"Kumbe ni wewe, mama! Mbona unaniozeshea mifuko?"

Hakushtuka. "Nakuozeshea nini? Mimi nimeacha mguu. Uyoga ukiung'oa na mguu wake, haurudi tena."

Ndivyo wanavyofanya kwenye kichuguu: wanakata, mguu unabaki ardhini. Alikuwa amenitunzia mavuno kwa adabu zote, na kuyamaliza.

"Kama unaupenda, si ungesema? Ungekula nasi!"

"Nani kakwambia naupenda?" Akatema mate pembeni. "Wewe, umewahi kuula?"

Sikuwahi. Niliupanda wa kuuza. Hata yule mama wa Garsen aliponipa nionje, nilisema nimeshiba.

"Nimekutazama siku zote hizi," alisema. "Mwenye chakula haonji chakula chake. Mimi nifikirie nini? Na mtoto anaingia mle, iko siku atatia mdomoni. Lazima mtu ajue. Dada yangu tulikuwa naye chungu kimoja, ni vile tu yeye alitangulia kuonja. Ndiyo nikahamisha mafiga hata kabla haujachomoza. Kama ni sumu, ibaki huku kwangu."

Nilikaa chini mchangani, kando yake. Wiki zote hizo nilidhani ananikimbia.

Nikachukua kipande kwenye sufuria yake. Kilikuwa kinateleza, nusura nikiteme. Alinitazama kooni mpaka nikameza, akanisogezea kingine, nacho nikakimeza.

"Mafiga yakipoa tutayarudisha jikoni," alisema. "Lakini mtoto asile leo. Tumbo langu la kizee si shahidi wa kutosha. Leo tutazamane kwanza."