Injini Aliyoiagiza Jirani

Juzi mjukuu wangu alinitembelea hapa Misugusugu. Alikaa nami jikoni nikikuna nazi, akanionyesha kwenye simu picha ya gari analoliagiza ng'ambo. "Bibi, kwa nje ni la kawaida, lakini injini nimeichagua mwenyewe. Huku haliuzwi hivyo." Aliponiona naendelea kukuna akadhani sijaelewa. Nilielewa sana, mwenzangu. Nilikuwa na miaka kumi nilipoelewa habari hizo, na ziliniuma kwelikweli.

Tuliishi Kisarawe, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa na gari dogo la mizigo, lenye bodi ya mbao nyuma. Asubuhi liliteremka Dar es Salaam na machungwa na mananasi, jioni likapanda na watu, sukari na mafuta ya taa. Kuteremka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kupanda. Injini ilikuwa ndogo, na mlima ulipokaza, rejeta ilichemka, mvuke ukafoka, na baba akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Jamani, tushuke kidogo." Wanaume walisukuma, akina mama wakapanda kwa miguu na vikapu vyao kichwani. Siku za likizo nilifuatana naye, na kazi yangu ilikuwa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Hadi leo naikumbuka harufu ile ya maji ya kutu na mpira ulioungua.

Baba alikuwa na ndoto moja. Fundi mmoja wa mjini alimwambia kwamba kiwanda kilekile cha Uingereza kilichotengeneza gari letu kilikuwa na injini ya silinda sita, iliyowekwa kwenye malori tu. Baba alifungua boneti akapima kwa kamba, akaona ingeenea. Mtu akiandika barua na kuomba, akikubaliwa, angeletewa gari dogo lenye nguvu za lori. Alilisema hilo nyumbani, alilisema sokoni, na alilisema barazani baada ya sala ya alasiri, kikombe cha kahawa mkononi. Jirani yetu, mfanyabiashara wa korosho, alisikiliza kuliko wote.

"Hebu rudia, bwana," alisema. "Silinda ngapi?"

Baba akarudia, tena kwa furaha.

Mwezi uliofuata tukasikia kwamba jirani amemwomba mwalimu wa shule amwandikie barua kwa Kiingereza. Wakala wa magari mjini alicheka, akasema hajawahi kuombwa kitu kama hicho, lakini akaituma. Siku hiyo baba hakumaliza chakula chake.

"Ulilitaja mbele za watu," mama alimwambia. "Ungenyamaza."

"Ningenyamaza ningelipata?" baba akauliza. Mama akaondoa sahani.

Gari lilifika baada ya msimu mzima wa korosho na nusu ya mwingine. Kwa nje lilifanana na letu kama pacha, ila rangi yake ilikuwa haijachubuka. Tofauti ilikuwa sauti. La kwetu lilikohoa. La jirani lilinguruma chinichini, taratibu, kama halina haraka na mtu. Lilipopita mara ya kwanza likipanda na magunia na watu juu, baba alikuwa amesimama katikati ya mlima, rejeta wazi, kopo la maji mkononi. Jirani alipiga honi kumsalimu. Nami nilikuwa nimeshika lile jiwe.

Binti wa jirani alikuwa rafiki yangu. Tulichota maji pamoja, tulisukana nywele. Kesho yake kisimani aliniambia, bila ubaya wowote, "Sisi hatushuki mlimani." Nilimchukia papo hapo. Abiria nao walihama mmoja mmoja, hata bibi yangu mzaa baba. Alirudi kutoka mjini na gari la jirani, akaingia uani ametulia, viatu havina vumbi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia "Marahaba" huku anatazama pembeni.

Basi siku moja gari la jirani likafa. Pampu ya maji ilivunjika, na kwa kuwa injini ile haikuwa mahali pengine popote nchini, hata kwenye malori, hakuna aliyekuwa na kipuri chake. Ikabidi barua iandikwe tena Uingereza. Gari likakaa chini ya kibanda cha makuti, kuku wakalala juu ya boneti. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha nikafurahi tena. Kisimani nilimwambia rafiki yangu, "Gari lenu limekuwa banda la kuku." Alitua ndoo yake, akalia. Sikumbembeleza.

Nilidhani baba naye anafurahi. Lakini Ijumaa moja alivuka ua, akamwambia jirani, "Nifungulie boneti nione." Alisimama mbele ya injini ile muda mrefu bila kugusa kitu. Nilikuwa kando yake, na nilipouona uso wake nikatamani asingetazama. Hakuwahi kututazama hivyo, si mimi wala mama.

Aliichukua pampu mbovu, akaendesha gari letu hadi Kibaha, kwenye karakana ya shamba la mkonge, alikokuwa fundi aliyefahamiana naye. Walichonga mhimili mpya wa pampu kwa siku mbili. Aliporudi aliufunga kwa mikono yake, injini ikawaka. Jirani machozi yalimlengalenga.

"Nikulipe nini, bwana?"

"Nipe nilipandishe mlima. Mara moja."

Tulikwenda baba na mimi tu, tukashuka hadi chini, tukageuza. Mlima ulipoanza, mkono wangu ulitafuta jiwe, halikuwapo. Baba alibadili gia mara moja tu. Pale tulipozoea kushuka tulipita kama uwanjani. Tulipofika juu alizima injini, akakaa ameshika usukani.

"Nilijua itaenea," alisema.

Alimrudishia jirani ufunguo, akamshukuru, akaenda kumimina maji kwenye rejeta yetu.

Rafiki yangu aliolewa Mbwawa, hatukupatana tena kama zamani. Jirani ametangulia, baba ametangulia, magari yote mawili yaliuzwa chuma chakavu. Watu husema wivu huisha mtu akizeeka. Wangu haujaisha. Baba aliupanda mlima ule maisha yake yote, na mara moja tu aliupanda bila kusimama, tena kwa gari la mtu mwingine.