Mchangamfu wa Banda la Magodoro

Mhudumu wa banda la magodoro, jirani yangu hapa kwenye maonyesho, aliambiwa achangamkie wageni, naye akachangamka kupita kiasi. Ukikanyaga tu zulia lake, ameshaukamata mkono wako kwa viganja vyote viwili: "Karibu, mama! Mgongo haujambo?" Wageni hutabasamu kwa adabu, wakapitiliza. Leo mchana uchovu ulimzidi. Alivua viatu, akavipanga vizuri, akajilaza kwenye godoro la maonyesho na kuanza kukoroma. Watu wakajaa, wakinong'ona wasimwamshe. "Kama hilo analolalia," dada mmoja aliuliza, "yapo mengine?" Bosi wake akaja mbio, amefura. Alipouona umati, akanyata. Mhudumu akakurupuka: "Karibu, ma…" Bosi akamrudisha taratibu kwenye mto. "Lala, kaka," akamnong'oneza. "Tuko kazini."