Chai Ambayo Baba Hakuionja

Baba alipofariki, majirani walituletea sukari, kama ilivyo desturi yetu msibani. Mabonge marefu yenye ncha, yamefungwa karatasi ya buluu, yalisimama sebuleni safu kwa safu. Alfajiri nilipoamka kuswali niliyaona gizani kama watu waliotangulia kujipanga, nikasimama nyuma yao. Na aliyeletewa sukari hiyo yote ni mtu aliyeihofu miaka minne.

Aliitwa Bihi. Alilima zafarani na lozi kidogo, lakini bondeni kwetu alijulikana kwa chai. Penye harusi, akika au matanga, sinia ya chai iliwekwa mbele yake. Alivunja sukari kwa nyundo ndogo ya shaba, akaitia ndani ya buli, akamimina glasi moja, akaonja, akaongeza, akaonja tena. Shughuli moja, mabuli kumi na tano. Watu walimtazama uso tu. Alipofumba macho, walijua imeiva.

Miaka minne kabla hajafariki alianza kusinzia kila baada ya mlo. "Tuda, mwanangu," aliniambia, "naona kama nimekaa kwenye maji ya uvuguvugu, sina hamu ya kutoka." Nilidhani ni uzee. Kisha wauguzi wakaja kupima watu bure, nikampeleka asubuhi kabla hajala. Muuguzi Ilhamu akamtoboa kidole. Kipimo kikasoma mia moja na kumi na nane; kawaida haifiki mia.

"Ami Bihi, bado huna kisukari," alisema. "Lakini sukari imeanza kukawia kwenye damu. Inabisha hodi mwilini, mwili unachelewa kuifungulia."

"Mbona siumwi?"

"Ndiyo tabia yake, haiumi. Punguza sukari, punguza mkate, tembea. Wengi hurudi."

"Na kuonja?"

"Kuonja nini?"

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. "Mabuli kumi na tano? Ami, huko si kuonja, huko ni kunywa!"

Njiani Baba alinikataza kusema. "Wakisikia tu neno sukari, sinia watampa mwingine. Mimi nitawekwa pembeni na wagonjwa."

Wiki mbili baadaye, Hamu, rafiki yake tangu utotoni, alimwoza binti yake. Nilikuwa mlangoni nikipitisha nanaa. Baba alimimina, akainusa glasi, akaiweka chini.

"Bihi, mbona huonji?" Hamu aliuliza.

"Imeiva."

"Umejuaje? Umeoteshwa?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Au katutilia kitu humo!"

Baba akainua glasi. Mvuke ukamfunika uso, nisimwone tena macho. Nikashika mlango nikimwomba Mungu, na ile glasi nikaiona inapanda polepole, polepole, kama mwezi. Ikafika mdomoni. Ikasimama. Ikashuka.

"Sukari imenipanda kwenye damu," alisema. "Sijaugua, na sitaki kuugua. Kama mnataka sinia yenu, ichukueni."

Hamu akavuta mto wake wa kukalia hadi ubavuni mwa Baba, akaichukua glasi, akanywa.

"Chungu. Ongeza."

"Ulimi wako tangu zamani ni wa nyuki."

"Ndiyo maana nimepata kazi. Ongeza, bwana, wageni wana kiu!"

Tangu siku hiyo mkono ulikuwa wa Baba, ulimi wa Hamu. Na kabla ya harusi kwisha, wazee wawili walinijia kwa zamu, wakaniuliza kwa sauti ya chini yule muuguzi aliyempima Baba hukaa wapi.

Baba akawa anatembea kila siku baada ya alasiri, hadi kwenye mto uliokauka na kurudi. Miezi sita ikapita. Akapimwa tena: tisini na saba.

"Umerudi, Ami," Ilhamu alisema.

"Kwani nilikuwa nimekwenda wapi?"

"Ulikuwa karibu na mlango."

Alicheka hadi akapangusa machozi.

Baridi ya mwaka jana ikamshika mapafu. Hospitalini daktari kijana alikuwa akijaza fomu huku akiniuliza maswali. Baba hakuwa amesema neno tangu asubuhi, na pumzi yake ilikuwa ndogo sana.

"Ana kisukari?" daktari aliuliza.

Kabla sijafungua mdomo, Baba alifumbua macho.

"Hapana," alijibu mwenyewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Sikumsikia akisema neno jingine ila shahada.