Ufagio Kwenye Milima ya Chokaa

Niliondoka Blacktown, pembeni mwa Sydney, asubuhi moja kwa treni iliyotangulia kufika, na ilikuwa ya kuelekea magharibi. Ingetangulia ya mjini, ningeishia Kensington, karibu na chuo kikuu, kwa wanafunzi ninaowajua wanaobanana chumba kimoja na kubishana siasa mpaka wali unaungua. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na begi, blanketi na chupa ya pilipili.

Pilipili niliichukua kwa mama mdogo, ambaye nilimwacha anafagia. Hufagia kila alfajiri, ingawa uwanja wake ni saruji tupu kutoka mlangoni hadi kwenye mapipa ya taka, na kitu pekee cha kufagia ni majani ya mti wa jirani. Aliliona begi, hakuacha kazi.

"Unaenda wapi tena?"

"Sijui bado."

"Haya, wasalimie wa huko Sijui-Bado." Akapitisha ufagio karibu na vidole vyangu. "Na popote utakapolala, uamke kabla ya mwenye nyumba, ufagie uwanja. Wajue umelelewa."

Shule niliiacha mapema, bila ugomvi. Maswali yangu yalizidi vipindi. Tangu hapo nimesafisha ofisi, nimekunja mashuka ya hospitali, nimepakia vitunguu kwenye magunia, na kila mahali nikishaelewa jinsi kazi inavyokwenda, nyayo zinaanza kuniwasha. Mama mdogo huita ugonjwa. Mimi sijawahi kuutafutia dawa.

Baada ya treni nilipanda basi, na baada ya basi lori la chakula cha kondoo. Njia nzima nilitazama udongo. Karibu na Sydney ulikuwa wa njano, wa mchanga; mbele ukawa mwekundu, tambarare, mpaka macho yakachoka; halafu ikaanza milima mifupi ya kijivu, haina msitu, imejaa mawe kana kwamba kuna mtu alianza kuyapasua, akaenda kunywa chai asirudi. Nilimuuliza dereva ni jiwe gani lile. Akasema ni chokaa, na kwamba zamani sana pale palikuwa chini ya bahari. Alisema bila kushangaa, kama anakueleza kuwa duka limehama.

Nikashuka hapo hapo, kwenye mji wa kwanza chini ya milima. Ulikuwa na kituo cha mafuta, duka, baa na nyumba ya kutunzia wazee. Nje ya duka alisimama mama mmoja mnene amevaa sare ya watunza wazee, anapigia simu kelele kwa Kiswahili.

"Nimesema siongezi shifti! Hii mgongo ni yangu, si ya serikali!"

Nikacheka. Akageuka.

"Weye! Unasikia Kiswahili?"

"Nasikia mpaka mgongoni, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mutoto kama weye unatafuta nini huku? Umepotea?"

"Natafuta pa kulala."

Alikuwa Mrundi, aliyepita makambi ya wakimbizi ya Kigoma, akapita Blacktown, akaifuata kazi mpaka jangwani. Alinitazama viatu, akatazama begi. "Bon, haya. Chumba cha nyuma kipo. Lakini wapangaji wamenichosha. Ulale leo, kesho nikitoka kazini nitakuambia kama unabaki."

Nilitaka kubaki. Ile milima nilikuwa sijaigusa hata jiwe moja.

Kulipokucha aliondoka mapema kwenda shifti. Nikatoka nje na ufagio niliouona nyuma ya mlango wa jikoni. Nyumba ilikuwa mguuni mwa mlima, na uwanja ulinisikitisha: vumbi, changarawe, na mawe yamelala mistari mistari iliyopinda, utadhani imepangwa na mlevi. Nikasema moyoni, huyu mama anafanya kazi sana, hana wa kumsaidia. Nikayaokota mawe yote, nikayapanga vizuri langoni. Kisha nikafagia kuanzia ukutani kushuka uani.

Na hapo nikagundua kitu kizuri. Chini ya vumbi kulikuwa na sakafu ngumu, nyeupe, karibu sawasawa. Nikaamini kuna mtu zamani alimwaga saruji, akaiacha ikafunikwa. Nikafagia kwa nguvu zaidi ili niifunue yote, nikalisukumia vumbi nje, kwenye korongo kavu linalopita nyuma ya uzio. Nilipomaliza, uwanja ulifanana kabisa na wa mama mdogo. Nikaketi kizingitini na chai, nikijiona mpangaji wa kudumu.

Mama alirudi mchana, mawingu meusi yameanza kupanda nyuma ya mlima. Alisimama langoni, kwenye lile rundo langu.

"Nani amekuja hapa?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mimi nimefagia."

"Udongo yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha korongo. Bado nilikuwa natabasamu.

"Yesu wangu. Umenifagilia shamba!"

"Shamba lipi? Hii si saruji?"

"Saruji ya nani? Hii ni mulima!" Akapiga kisigino juu ya ile sakafu. "Mulima mwenyewe! Huku udongo ni hii tu," akanionyesha nusu ya kidole, "chini yake ni jiwe mpaka ahera. Ile mawe niliipanga mimi. Upepo ukipita na vumbi, mawe inakamata. Mvua ikishuka na matope, mawe inakamata. Miaka, mwanangu! Na juzi nimemwaga lengalenga humo, mbegu yote, ya mwisho, nangojea hii mvua."

Lengalenga ndiyo mchicha. Mbegu yake aliitoa Blacktown, akaitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, akaipanda, akavuna, akapanda tena. Misimu ya karibuni mvua ilimkimbia, na kopo sasa lilikuwa tupu. Mbegu za mchicha ni vitone tu; ukishazichanganya na vumbi huwezi kuziokota. Zote zilikuwa korongoni, na mvua ile ikishuka kwenye mlima usiokunywa maji, korongo lingejaa mara moja.

Nilimpa pole moja, nikachukua ndoo. Pole nyingi hazibebi udongo.

Tulibeba kwa ndoo, kwa beseni, kwa shuka la kitanda changu. Mama hakuvua hata sare. Alikuwa anachota na kusema.

"Nani alikufundisha kufagia hivi?"

"Mama mdogo."

"Nipe namba yake nimtukane."

"Atakushukuru. Hajapata wa kutukanana naye wiki nzima."

Alikaza mdomo asicheke. "Hebu rudisha mawe kwanza! Bila mawe tunamwaga bure."

"Yalikuwa yamekaa wapi?"

"Uliitoa weye, tafuta weye."

Nikainama. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Kila jiwe lilikuwa limeacha alama juu ya ule mwamba, duara la udongo mweusi kidogo, uliogandamana, ambao ufagio haukuubandua. Mistari yote ilikuwa imeandikwa pale. Nikaligeuza jiwe moja: upande wake mmoja ulikuwa safi, wa pili umeota ukoko mweupe, mkavu, kama wa chini ya birika. Nikaligeuza la pili, la tatu. Yote hivyo hivyo. Jiwe lililokaa mahali pamoja muda mrefu linaota chokaa kwa chini. Nikajua lipi ni tumbo na lipi ni mgongo, nikayarudisha kila moja kwenye duara lake, tumbo chini, haraka haraka, na mama nyuma yangu akimwaga udongo.

Matone ya kwanza yalitukuta bado tuna ndoo mikononi. Halafu ikashuka yote. Tulijibanza kizingitini. Maji yalitiririka mlimani ya njano, yakafika kwenye mstari wa kwanza wa mawe, yakasita, yakapanda kidogo, yakapenya yamepauka. Mstari wa pili yakapenya karibu meupe. Nyuma ya mawe udongo ulikuwa umelala, umelowa. Kule korongoni kiasi tulichokiacha kilikwenda zake, tulikiona kikienda. Mama alikipungia mkono kama anayeaga abiria.

Kisha akaingia ndani, akarudi na shuka kavu na ufunguo.

"Utalala chumba cha nyuma mpaka lengalenga iote."

"Na isipoota?"

"Utalala mpaka unitafutie mbegu nyingine. Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

"Sijui bado."

"Basi."

Nikafungua mlango wa kile chumba. Palikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha linalotazama mlima moja kwa moja. Nikaweka begi chini, nikaiweka pilipili dirishani. Nilipochungulia jikoni kumuuliza mama kama anakula ya kali, nilimkuta amechukua ule ufagio kutoka nyuma ya mlango, anaondoka nao kwenda chumbani kwake.